Kweli au Si Kweli: Yanayosemwa Kuhusu 2,147,483,647

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Namba hii inajulikana na watu wa aina mbili ambao hawakutani mara nyingi. Wanahisabati wanaijua kama namba tasa, yaani isiyogawanyika kwa namba yoyote isipokuwa 1 na yenyewe, na wanamkumbuka Leonhard Euler aliyelithibitisha jambo hilo mwaka 1772. Waandishi wa programu wanaijua kama kikomo: ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa kwenye nafasi ya kawaida ya biti 32 ndani ya kompyuta. Kwa kuwa sifa hizo mbili zimeangukia mahali pamoja, watu wamezichanganya, na madai mengi yamejengwa juu ya mchanganyiko huo.

Ninaloliamini mimi ni kwamba uzito wa namba hii hautokani na ukubwa wake. Unatokana na muundo wake. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe mpaka ziwe 2 thelathini na moja, kisha toa 1: unapata 2³¹ − 1, ndiyo namba yetu. Atakayeushika muundo huo ataweza kuyapima mengi ya madai yafuatayo yeye mwenyewe.

Dai: Inaishia na 7, haigawanyiki kwa 3, 5 wala 11, kwa hiyo ni lazima iwe tasa.

Hitimisho ni kweli, hoja si kweli. Vipimo vya darasani vinafanya kazi yake vizuri. Jumla ya tarakimu zake ni 46, na 46 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo namba nzima haigawanyiki kwa 3. Haiishii na 0 wala 5. Ukijumlisha na kutoa tarakimu zake kwa zamu kuanzia kulia unapata 12, ambayo si kigawe cha 11. Lakini vipimo hivyo vinaondoa washukiwa wachache tu, wengine wote wanabaki wamesimama.

Hatari ya kuishia hapo inaonekana kwa jirani yake, 4,294,967,297, yaani 2³² + 1. Nayo inaishia na 7. Nayo haigawanyiki kwa 3, 5, 7, 11 wala 13. Pierre de Fermat, mmoja wa vichwa vikubwa vya karne ya 17, aliamini kwamba ni tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417. Mtu anayegawa kwa mkono kwa kufuata orodha ya namba tasa angepita zaidi ya mia moja bila kuona dalili yoyote kabla ya kuifikia 641. Namba kubwa haionyeshi vigawo vyake kwa sura.

Dai: Kwa kuwa 31 ni tasa, basi 2³¹ − 1 nayo ni tasa.

Si kweli kwamba moja linatokana na jingine, na kosa hili limewapata watu wengi kwa sababu mwanzo wake unavutia. Kipeo kikiwa 2 unapata 3, ambayo ni tasa. Kikiwa 3 unapata 7. Kikiwa 5, 31. Kikiwa 7, 127. Zote tasa, na mtu anaanza kuona kanuni. Kisha inakuja 11: 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Kanuni imevunjika papo hapo, na kuvunjika huko kulijulikana tangu 1536. Kipeo cha 29, jirani wa 31 katika orodha ya namba tasa, kinatoa 536,870,911, ambayo ni 233 mara 1,103 mara 2,089.

Kilicho kweli ni upande wa pili wa jambo hilo: kipeo kisipokuwa tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Chukua 63, ambayo ni 7 mara 9. Namba 2⁶³ − 1 ni lazima igawanyike kwa 2⁷ − 1, yaani 127, na pia kwa 2⁹ − 1, yaani 511. Kipeo tasa ni kama hati ya kuruhusiwa kuingia kwenye mtihani, haimaanishi kwamba umefaulu. Vipeo 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19 vimefaulu, na wa nane katika safu hiyo ni 31.

Dai: Marin Mersenne ndiye aliyeithibitisha, ndiyo maana namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake.

Jina ni lake, uthibitisho si wake. Mersenne alikuwa mtawa wa Ufaransa aliyekuwa akiandikiana barua na wasomi wa Ulaya nzima, na mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo ambavyo, kwa maelezo yake, vinatoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kabla yake Mwitalia Pietro Cataldi alikuwa ameshaonyesha kwa kugawa kwa mkono kwamba 17 na 19 vinafaa. Cataldi aliidai pia 31, lakini akaidai pamoja na 23, 29 na 37, na zote tatu hizo zilikuja kuonekana si sahihi. Kwa 31 alipatia, bila kuthibitisha.

Orodha ya Mersenne nayo ina makosa matano. Iliingiza 67 na 257, ambazo hazifai, ikaacha 61, 89 na 107, ambazo zinafaa. Ilichukua karne tatu kusafisha orodha hiyo. Kuhusu 67, Édouard Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ila njia yake haikuvitaja vigawo vyenyewe. Vilipatikana na Mmarekani Frank Nelson Cole, aliyeviwasilisha mbele ya wanahisabati wenzake mjini New York mwezi Oktoba 1903: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Alipiga hesabu ya kipeo upande mmoja wa ubao, akazidisha upande wa pili, majibu yakalingana, akarudi kukaa.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu linaonyesha tofauti ya dai na uthibitisho. Mersenne alikuwa na sifa, na orodha yake ikanakiliwa na kuheshimiwa. Sifa hiyo haikuifanya 67 iwe kipeo sahihi.

Dai: Euler alilazimika kuigawa kwa kila namba hadi nusu yake.

Si kweli, na hapa ndipo penye uzuri wote wa namba hii, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza, nusu haihitajiki. Namba ikiwa na vigawo viwili vinavyozidishwa kuitoa, kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 kinapita kidogo 46,340. Kwa hiyo badala ya kutafuta hadi zaidi ya bilioni moja, unatafuta hadi 46,340 tu. Na kwa kuwa unahitaji kujaribu namba tasa pekee, unabaki na karibu 4,800. Hilo Cataldi naye alilijua. Mtu mwenye subira na wino wa kutosha angeweza kuanza.

Euler alifanya zaidi ya kuwa na subira. Alijiuliza: kama namba hii ingekuwa na kigawo tasa, kigawo hicho kingekuwa na sura gani? Tukiite p. Kusema p inagawa 2³¹ − 1 ni kusema kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa p inabakisha 1. Fuata mabaki ya 2, 4, 8, 16 na kuendelea: yatazunguka na kurudi kwenye 1, na mzunguko wake ni lazima uingie kamili ndani ya 31. Lakini 31 ni tasa, haina mgawanyo wa ndani. Kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 31 kamili. Upande wa pili kuna kanuni ya Fermat isemayo kwamba 2 ikipandishwa kwa kipeo cha p − 1 inabakisha 1 pia. Basi 31 ni lazima iigawe p − 1. Na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa, kwa hiyo 62 inaigawa p − 1. Kwa mstari mmoja wa fikra, kila kigawo tasa kimelazimishwa kuwa 1 zaidi ya kigawe cha 62.

Kuna kizuizi cha pili. Kama 2³¹ inabakisha 1, basi 2³² inabakisha 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ iliyozidishwa kwa yenyewe. Maana yake 2 ni kipeo cha pili katika ulimwengu wa mabaki ya p, na hilo linawezekana pale tu ambapo p ikigawanywa kwa 8 inabakisha 1 au 7. Unganisha vizuizi hivyo viwili na unapata kwamba p ni lazima iwe kwenye mojawapo ya safu mbili: zile zinazobakisha 1 zikigawanywa kwa 248, na zile zinazobakisha 63.

Sasa hesabu wangapi wamebaki chini ya 46,340. Safu ya kwanza ina 186, ya pili ina 187, jumla 373. Na humo humo nyingi si tasa, zinaondoka zenyewe. Ya kwanza, 63, inagawanyika kwa 3. Inafuata 249, nayo inagawanyika kwa 3. Ndipo inakuja 311, mshukiwa wa kwanza wa kweli. Gawanya kwake: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, inabaki 35. Ameachiwa. 497 ni 7 mara 71, 559 ni 13 mara 43, na unaendelea kuruka mpaka 1,303, inayobakisha 226. Msomaji mwenye kikokotoo anaweza kuendelea hadi mwisho wa safu. Hakuna hata mmoja atakayebakisha sifuri.

Euler aliyatangaza matokeo hayo katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli. Alikuwa na umri wa miaka 65, akiishi St. Petersburg, na macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa. Kuna wanaoitaja kazi hiyo kama ushujaa wa kuvumilia hesabu ndefu. Nadhani wanamnyima sehemu kubwa ya haki yake. Ushujaa wake ulikuwa kuifanya hesabu iwe fupi.

Dai: Hata leo hakuna njia nyingine ila kujaribu vigawo.

Si kweli. Lucas alianzisha njia katika miaka ya 1870 na D. H. Lehmer akaikamilisha mwaka 1930. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, chukua baki baada ya kugawa kwa namba unayoipima, kisha rudia. Kwa kipeo p unarudia mara p pungufu ya 2. Ukiishia na sifuri, namba ni tasa. Usipoishia na sifuri, si tasa. Ijaribu kwa 31, yaani 2⁵ − 1, inayohitaji hatua tatu. 4 inatoa 14. 14 inatoa 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 inabakisha 8. 8 inatoa 62, ambayo inabakisha 0. Namba yetu yenye tarakimu kumi inahitaji hatua 29 tu za namna hiyo, bila kutafuta kigawo hata kimoja.

Dai: Haitapatikana namba kamilifu kubwa kuliko ile inayotokana na 2,147,483,647.

Dai hili lina mwenyewe. Mwingereza Peter Barlow aliliandika katika kitabu chake cha nadharia ya namba mwaka 1811. Namba kamilifu ni ile inayolingana na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo chini yake: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Tangu Euclid ilijulikana kwamba kila namba tasa ya muundo huu inazaa namba kamilifu. Ya kwetu inazaa 2³⁰ × (2³¹ − 1), ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128, ya nane katika safu. Barlow aliona kwamba hiyo ndiyo itakayobaki kuwa kubwa kuliko zote, kwa kuwa namba hizo ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na haielekei kwamba mtu atajitaabisha kutafuta nyingine.

Si kweli, na haikuchukua muda mrefu kuonekana. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwaka 1883 Mrusi Ivan Pervushin akathibitisha 2⁶¹ − 1, ile ambayo Mersenne aliiacha. Leo watafutaji wanaunganisha kompyuta zao katika mradi uitwao GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, na mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya 52 ya muundo huu kujulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Barlow aliijua hisabati vizuri. Alichokosea ni kudhani kwamba watu hutafuta kitu pale tu wanapoona faida yake.

Dai: Kompyuta zinatumia 2,147,483,647 kama kikomo kwa sababu ni namba tasa.

Si kweli hata kidogo, na hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko mengine yote.

Kompyuta inaandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Nafasi ya biti 32 inapotunza namba zinazoweza kuwa chanya au hasi, sehemu moja inatumika kutambulisha hasi, zinabaki 31. Zijaze zote 1 na unapata 1 + 2 + 4 + 8 mpaka 2³⁰, jumla yake ikiwa 2³¹ − 1. Ndiyo sababu nzima. Mhandisi aliyechagua biti 32 hakuuliza kama kikomo hicho ni tasa. Alitaka ukubwa wa nafasi unaotokana na kuzidisha kwa mbili kila mara, 8, 16, 32, 64.

Zitazame nafasi nyingine uone. Biti 8 zinatoa kikomo cha 127, ambacho kwa bahati ni tasa. Biti 16 zinatoa 32,767, ambacho ni 7 mara 31 mara 151. Biti 64 zinatoa 9,223,372,036,854,775,807, ambacho ni 2⁶³ − 1, ile ile tuliyoona inagawanyika kwa 127. Na nafasi ya biti 32 isiyotunza hasi inaishia 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Namba hizo tano ndizo namba tasa zote za Fermat zinazojulikana hadi sasa, zimezidishwa pamoja zikatoa kikomo cha kompyuta. Nikiambiwa nichague ajabu moja katika ujirani huu wote, nitachagua hiyo.

Kikomo chenyewe kinagusa maisha. Ukifika 2,147,483,647 kisha ukaongeza 1, nafasi nyingi za namna hii zinaruka hadi hasi 2,147,483,648. Programu ya uhasibu inayotunza fedha kwa senti katika nafasi hiyo haiwezi kupita shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa shilingi ya Tanzania hiyo haifikii bei ya magari mengi. Ikitunza kwa shilingi nzima inafika bilioni mbili na ushei, kiasi ambacho kampuni ya wastani inaweza kukipita katika mwaka. Anayeandika programu za fedha katika nchi zetu hana budi kulijua hili kuliko mwenzake anayehesabu kwa dola.

Dai: Wimbo wa Gangnam Style uliivunja YouTube.

Ni uvumi uliozidishwa. Wimbo wa Psy wa Korea Kusini, uliotoka Julai 2012, ulitazamwa mno hata mwezi Desemba 2014 ikatangazwa kwamba kihesabio cha YouTube, kilichowekwa katika biti 32, hakiutoshi tena. Lakini wahandisi walikuwa wameliona jambo hilo likija na wakahamia biti 64 mapema. Mtandao haukuzimika.

Dai: Tarehe 19 Januari 2038 kompyuta zote zitasimama.

Zote, hapana. Baadhi ziko hatarini kweli. Mifumo mingi inahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Mahali ambapo hesabu hiyo imewekwa katika biti 32, sekunde ya mwisho itakuwa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde moja baadaye mfumo usiorekebishwa utadhani uko Desemba 1901.

Kompyuta na simu mpya zinahesabu muda kwa biti 64, na hizo zina nafasi ya kutosha miaka bilioni 292. Linux, inayoendesha seva nyingi duniani, ilipata uwezo wa kuvuka 2038 hata kwenye mashine za biti 32 kuanzia toleo la 5.6 la mwaka 2020. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa na kusahauliwa, vyenye programu ambayo hakuna anayeifungua kuisasisha.

Na kuna jambo ambalo waliozoea kuogopa tarehe moja hawalioni: tatizo halingoji 2038. Mwezi Mei 2006 seva zilizotumia programu ya AOLserver zilianza kuanguka. Zilikuwa zimeelekezwa kusubiri sekunde bilioni moja kabla ya kukata shughuli, na sekunde bilioni moja kuanzia Mei 2006 zinavuka kikomo. Vivyo hivyo, mkopo wa nyumba wa miaka 15 uliosainiwa 2024 unaisha 2039. Programu inayopanga marejesho yake inakutana na kikomo leo.

Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa zikiwashwa mfululizo kwa siku 248 vidhibiti vya jenereta zake vingeweza kuzima kutokana na kihesabio kujaa. Piga hesabu: 2³¹ ikihesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde inatimia baada ya siku 248 na nusu. Msomaji makini ataikumbuka 248 ya Euler. Hazina uhusiano. Ile ilitoka kwa 31 mara 8, hii imetoka kwa idadi ya sekunde katika siku.

Dai: Basi kwa kompyuta, kuwa kwake tasa hakuna maana yoyote.

Hapana, hapo tutakuwa tumekwenda mbali mno upande wa pili. Kuna mahali ambapo utasa wake ndio kila kitu. Ili kompyuta itoe namba zinazoonekana kama za kubahatisha, kwa ajili ya michezo au majaribio ya kitakwimu, njia moja maarufu ni hii: chukua namba, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza mwaka 1988 kama kiwango cha chini ambacho kila njia nyingine inapaswa kukifikia, na hadi leo imo katika maktaba za lugha ya C++. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa, na kwa kuwa 16,807, ambayo ni 7⁵, imechaguliwa kwa uangalifu, mabaki hayo yanapitia kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, ndipo yanarudi mwanzo. Hapa namba tasa iliyo sawasawa na kikomo cha nafasi ya biti 32 ni bahati njema iliyotumiwa kwa akili.

Lakini isitumike kutengeneza nywila wala kulinda siri. Anayeona baki moja anaweza kuyajua yote yanayofuata. Na wanaodhani kwamba namba hii inalinda miamala ya benki kwa ukubwa wake wamekosea kipimo: njia ya kulinda siri iitwayo RSA, ya biti 2,048, inatumia namba tasa mbili, kila moja ya tarakimu zaidi ya mia tatu. Yetu ina kumi.

Dai: Ukiiweka 2,147,483,647 yenyewe kuwa kipeo, utapata namba tasa nyingine.

Dai hili lina historia nzuri. Kipeo 2 kinatoa 3. 3 ikiwa kipeo inatoa 7. 7 inatoa 127, na 127 inatoa ile ya Lucas ya mwaka 1876. Upande wetu, 5 inatoa 31, na 31 inatoa 2,147,483,647. Nani asingetarajia hatua inayofuata?

Si kweli. Namba 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1, ina tarakimu zipatazo milioni 646, na inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Kigawo hicho kinatii sheria ile ile ya Euler: ukikitoa 1 kinabaki 2,147,483,647 mara 137,490. Chapa namba hiyo nzima na utajaza mamia ya vitabu, lakini kigawo kilichoiangusha kinaandikwa kwa tarakimu kumi na tano. Hatua kama hiyo kwa 2⁶¹ − 1, ile ya Pervushin, bado haijaamuliwa: hakuna kigawo chake kilichopatikana, na hakuna aliyethibitisha kwamba ni tasa.